Angela na Chumba cha Misiba

Hapa Izia simjui mwingine anayepalilia ulezi asubuhi, kisha mchana akahamisha kuta ndani ya kompyuta. Ni Angela wa marehemu Wilibrodi tu, anayeniita Bibi. Najua mtaani wananicheka kwa ile habari ya kambale aliyepanda mteremko wa Lyamba lya Mfipa kwa miguu. Kambale yule nilimwona peke yangu. Hii ya Angela nina mashahidi.

Anafanya kazi mjini Mazwi, kwenye studio ya Ummy, wanakopiga video za harusi na misiba. Video zote zinakaa kwenye mashine moja nyeusi wanayoiita seva, na Angela ameigawa vyumba viwili: harusi huku, misiba kule. Mavuno yalipokwisha, chumba cha harusi kikajaa hadi mlangoni.

"Mega kule kwenye misiba, ongeza huku," Ummy akaagiza. "Mwaka huu watu wamegoma kufa, nafasi ipo. Jumamosi nina harusi tatu."

"Dada Ummy, diski ya nakala za akiba imekufa. Tungoje mpya."

"Mpaka ifike kutoka Mbeya, maharusi watakuwa na wajukuu!"

Angela hakucheka. Ndani ya chumba cha misiba ndimo yalimokuwa mazishi ya baba yake. Kaka yake Vitus alikuwa kazini Kigoma, mvua zikakata barabara, mzee akazikwa bila yeye. Tangu siku hiyo Vitus hakusema na dada yake. Sasa alikuwa ametuma neno kwamba Jumamosi anakuja aone kwa macho yake jinsi baba alivyozikwa. Akiona, ataingia nyumbani. Asipoona, anageuza na basi lilelile.

Lakini agizo la tajiri ni agizo. Alhamisi nilimpelekea togwa nikamkuta ameshaanza, na akanieleza kazi ilivyo. Kupanua hakuna shida, hata chumba kikiwa kinatumika. Mashine ina daftari lake: huandika kwanza inachotaka kufanya, ndipo ifanye, hivyo hata ikizimika ghafla, ikiamka inasoma ilipoishia. Kupunguza ni kitu kingine. Chumba kinafungwa, na daftari linafungwa pamoja nacho. Mali yote inasogezwa kwanza upande mmoja, ndipo ukuta ufuate. Ukitanguliza ukuta, umeikata mali. Ukikatizwa katikati, hakuna pa kusoma.

"Kama kihenge cha nafaka," nikamwambia. "Mimi nilipunguza kihenge kikiwa kimejaa, ulezi ukanikimbia hadi Muze kule bondeni. Niliufuata siku mbili."

"Bibi, wewe!" Akacheka. Wiki nzima sikuwa nimemsikia akicheka.

Mara mzee Dominiko, rafiki wa baba yake, akapita nje. Na mzee wa Kifipa humsalimii kwa kupunga mkono dirishani. Unatoka, unachutama, unapiga makofi taratibu, mnaulizana habari hadi za ng'ombe.

"Bibi, usiguse kitu," Angela akasema, akatoka.

Sikugusa mashine. Ila ilikuwa ikivuma na mtu hayupo, na kwetu kitu kikivuma bila mtu tunakizima, umeme wa LUKU usiishe bure. Mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi ya ukutani. Kisanduku cha betri chini ya meza kikaanza kulia: pii, pii. Nikakibonyeza, nikakikandamiza mpaka kikanyamaza. Na kioo nacho kikawa cheusi.

Angela aliporudi alisimama mlangoni kama mtu aliyekuta nyumba imeng'olewa paa.

"Umeme ulikatika," nikasema. "Ulipotoka tu."

Alikaa chini. Akaanza kuhesabu kwa sauti: kama ni alipotoka tu, basi mali ilikuwa katikati ya kusogezwa. Asithubutu hata kuiambia mashine ijirekebishe, maana ingeweza kufuta kilichobaki. Ilibidi diski ing'olewe, ipelekwe kwa mtaalamu Mbeya. Jumamosi isingekuwa imerudi. Akashika bisibisi, akaigeuza mashine atafute parafujo.

Nimesema uongo mwingi maishani mwangu na haujawahi kumshikisha mtu bisibisi.

"Mjukuu wangu, acha hiyo. Ni mimi niliyezima."

Hakunigombeza. "Saa ngapi, Bibi? Kioo kilikuwa kinaonyesha nini? Usiongeze neno."

Kusoma sijui, lakini kuona naona. Nikamwambia kulikuwa na mstari wa alama kama mtu anayeshona mkeka, ukitambaa. Ulifika ukingoni ukasimama. Chini yake kikabaki kijiti kimoja kikikonyezakonyeza. Ndipo nikazima.

"Kweli ulifika ukingoni? Kama ulifika, kusogeza kulikuwa kumekwisha."

"Ulifika."

Alinitazama machoni. Najua alikuwa anamfikiria yule kambale. Kisha akaweka bisibisi chini, akawasha mashine, akaandika. Tukangoja. Chumba cha misiba kilipofunguka, alitafuta jina la baba yake, akalikuta, akainamisha kichwa mezani.

Jumamosi Vitus alikaa pale studio kwenye kiti cha plastiki, begi miguuni, akatazama video ya mazishi saa zote nne. Hakutaka isogezwe mbele. Ilipofika kaburini alimwona Angela akitupa udongo, kisha akiinama tena na kutupa mara ya pili.

"Mbona wewe mara mbili?"

"Huo wa pili ni wako. Nilitaja jina lako, ila kamera ilikuwa mbali."

Vitus akaacha itembee hadi mwisho. Kisha akalichukua begi, akamkabidhi dada yake alibebe, na wakashika njia ya Izia.