Masale ya Mwika Yalipinda

Safari hii sikuipanga. Ilitokana na simu ya jirani yetu wa Mwika, mtu asiyejua kunong'ona. Ilinikuta karakanani kwangu Njoro, mjini, geti la watu likiwa limelala chini halijaungwa.

"Mdogo wako anakikata kihamba," akasema. "Kapanda masale toka mlangoni kwake mpaka kaburi la mama yenu. Upande wako umebaki nje huko."

Msomaji wa mbali aelewe. Kihamba ni shamba la ukoo, migomba juu, kahawa chini, na humo humo tunazikana. Isale ni mmea wa majani marefu, haufi hata ukiuchukia, na ndio alama yetu ya mpaka. Ukiona masale yamepangwa mstari, ujue hapa kwako, pale kwangu. Elifuraha ni kitinda mimba wetu, ndiye aliyebaki na nyumba ya mama kama desturi inavyotaka. Lakini mahali pangu pa kulala siku yangu ikifika ni kando ya mama. Hilo halina mjadala. Nimechomelea mageti ya mji huu kwa darasa la nne tu, sikubebwa na mtu. Sitazikwa uani kwa wengine.

Asubuhi, nyumbani kwangu Soweto. Nilitaka kuondoka peke yangu, lakini binti yangu Aika alikuwa likizo, akachukua funguo za pikapu. Anafundisha elimu ya jamii chuoni. Kazi yake, anavyosema, ni kuelewa kwa nini watu wanafanya wanayoyafanya.

"Umemuuliza baba mdogo mwenyewe?"

"Nimuulize nini? Masale si yanasema?"

"Masale hayasemi, baba. Anayesema ni aliyepanda."

"Ndiyo mnayofundisha hayo? Na wazazi wanatoa ada?"

Akacheka, akawasha gari.

Kuelekea Himo jua lilikuwa limeshachoma. Alizeti pande zote mbili, vichwa chini, kama waumini kwenye sala ndefu. Mlima haukuonekana, umejifunika. Nikafumba macho. Sijui kama nililala. Nilimwona mama akifagia uani, na kila alipofagia uwanja ukawa mdogo, mpaka akabaki amesimama juu ya fagio. Nilipofumbua macho tulikuwa tumeshaanza kupanda, hewa imegeuka baridi, na migomba imetuingilia barabarani.

Marangu tulikuta ukungu na manyunyu. Kando ya barabara palikuwa na mtu amekaa juu ya jiwe, analowa chapachapa, na mwavuli ameunyoosha mbali naye, anafunikia ardhi tupu.

"Huyo kichwa kimeruka," nikasema.

Aika akasimamisha gari, akateremsha kioo. "Habari za kazi, kaka? Mbona wewe unalowa, na mwavuli unao?"

Yule bwana akatucheka. "Dada, mimi nikilowa nitakauka. Hii saruji ikilowa sasa hivi, nguzo yangu imekwenda."

Nikachungulia. Kweli, chini ya mwavuli kulikuwa na shimo, na saruji mbichi imeshika mguu wa nguzo ya geti. Mimi, mtu wa mageti, nisiione! Aika akamuaga, akapandisha kioo. Mtoto yule ana adabu ya kuudhi.

Mwika. Tuliacha gari barabarani tukaingia kwa miguu. Maji ya mfongo, mfereji wetu wa zamani, yalikuwa yanasemezana chini ya majani, na ukungu umetanda kiasi kwamba migomba ilikuja mmoja mmoja, kama wageni wa msibani. Nyumbani palikuwa kimya. Shemeji, tukaambiwa na mpita njia, yuko sokoni.

Na masale yalikuwepo. Jirani hakudanganya. Yalianza mlangoni kwa Elifuraha, yakapita karibu na banda la ng'ombe, yakazunguka jiwe kubwa tulilokuwa tukichezea, yakafuata ukingo wa mfongo, yakaishia kaburini.

"Baba, mpaka gani huu unapinda?" Aika akauliza. "Angalia, umelizunguka jiwe."

"Mwizi hanyooshi mstari," nikamjibu, nikainama, nikang'oa isale moja. Lilitoka na udongo wake mweusi. Likaacha pengo, nikaona raha.

Hapo tukasikia kikohozi, na Elifuraha akatokea kwenye ukungu. Alikuwa anatoka kaburini, polepole, mkono wa kulia umenyooka pembeni, unagusa isale, unaacha, unagusa jingine. Majani yalikuwa yanatoa sauti ndogo kama nguo ya hariri. Alitembea kama mtu anayeota. Alipofika kwenye pengo, mkono ukashika hewa. Akasimama. Akaupeleka mbele kidogo, akaurudisha, akapapasa tena. Sijawahi kuona mkono wa mtu mzima ukiwa mpweke namna ile.

"Nani huyo?" akauliza. Halafu akavuta pua. "Nasikia harufu ya chuma. Kaka? Shikamoo kaka."

"Marahaba," nikasema. "Elifuraha, macho yana nini?"

"Presha ya macho. Yamekwenda, kaka. Ya kushoto kwanza, kisha mwenzake akaona uvivu."

"Na hukuniambia!"

"Nikwambie, unipakie kwenye pikapu, ukaniweke sebuleni kwako Soweto kama kochi? Nilitaka niweze kufika kwa ng'ombe wangu na kwa mama bila kushikwa mkono. Kamba inaoza, na watu wanaiba. Isale haliibwi."

Nilimkaribia nimshike bega. Mkono wake ukatangulia, ukakutana na lile isale nililokuwa bado nimelikamata. Akalipapasa majani, akashuka kwenye shina, vidole vikafika kwenye mizizi, vikatulia pale. Udongo ukamdondokea miguuni.

Kwetu, mtu akikuletea isale amekuja kuomba radhi, na huna ruhusa ya kumkatalia.

"Umeniletea isale," akasema taratibu. "Krismasi hukupanda kuja huku, tukakungoja, nyama ikapoa. Nilikasirika. Lakini umekuja na isale. Basi, yamekwisha."

Nilitaka kusema. Mimi si mtu wa kumeza maneno. Siku ile niliyameza.

Tulilirudisha shimoni wawili, mimi nikilishika lisimame, yeye akishindilia kwa kisigino. Nikamuuliza, maana nisingeondoka bila kuuliza: "Na mahali pangu kando ya mama?"

"Pako pale. Jioni huwa nakaa hapo hapo, nakupashia moto."

Aika akageuka upande kuficha kicheko.

Mchana shemeji alirudi akatupikia mtori wa ndizi na nyama, tukala bila haraka. Elifuraha alitusindikiza mpaka mwisho wa masale yake, akapunga mkono kuelekea mahali ambapo hatukuwepo.

Kurudi, chini ya Marangu, ukungu ulibaki nyuma na jua likatupokea. Nilikuwa nasinzia tena Aika aliponiuliza.

"Unadhani baba mdogo hakujua ulikuwa unafanya nini pale?"

"Angejuaje? Haoni."

"Isale la kuomba radhi huwa linakuja na mizizi?"

La radhi hukatwa, likaja jani safi. Langu lilikuwa linadondosha udongo, na vidole vyake vilikaa kwenye mizizi muda wa kutosha.

Nilichojifunza nakisema kama kilivyo, bila mapambo. Mimi mwenye macho mawili nilitazama mstari mzima wa masale, nikasoma uadui. Yeye alishika moja, likiwa limeng'olewa, akajua vizuri ninataka nini, akaamua kulisoma kama radhi. Na tangu aliposema hivyo, ndivyo lilivyokuwa.