Mkonge wa Mpakani

Jumamosi iliyopita nilimpeleka dada mmoja mfanyabiashara, mtu wa kwetu Korogwe, kutazama bustani ya mimea ya chuo ninachosoma hapa Guangzhou. Yeye alikuwa amechoshwa na masoko ya nguo ya Liuhua, na mimi, sikufichi, nilitaka kujionyesha kidogo. Kwenye banda la vioo akasimama ghafla.

"We! Si mkonge huu, mdogo wangu? Mbona umejikunja kama kabichi? Laoban kaupunguza nini?"

Laoban ni bosi, na kwa huyu dada kila Mchina ni laoban, hata profesa wangu. Nikamweleza kwamba huo ni ndugu tu wa mkonge wetu. Kwao ni miteremko ya mawe huko milimani Meksiko na kusini mwa Marekani, na msimu wa baridi theluji huufunika. Majani yake ni mafupi na mapana, rangi ya majivu, yamebanana kuulinda moyo. Baridi hauiogopi, unachoogopa ni maji. Ndiyo maana hapa, kwa mvua hizi za Guangzhou, tunauwekea paa na kuupanda kwenye kokoto, la sivyo mizizi itaoza.

"Meiyou," akasema, yaani hakuna kitu kama hicho. "Mkonge na theluji! Mdanganye mwingine."

Nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mwiba mweusi wa kwenye ncha, na nikajiona nina miaka kumi.

Kule Korogwe, shamba la bibi lilipakana na la jirani, na alama ya mpaka ilikuwa mkonge mmoja mzee alioupanda babu. Wewe uliyekulia huko unaujua: nyuzi zake tulisokotea kamba za mbuzi, mwiba wake tulitolea funza, na utomvu wake ukikugusa mguu utajikuna mpaka jioni. Upande wetu palikuwa na mihogo mitamu hata mibichi. Jirani aliyang'oa machipukizi ya chini ya mkonge kila mwaka, eti anasafisha, huku akisema siku mkonge huu mzee ukifa tutapima mpaka upya. Bibi, aliyeniita mke mwenza, alinijibu mimi badala ya kumjibu jirani: "Maneno hupeperuka, mke mwenza. Mkonge haupeperuki."

Mwaka mmoja ukatoa mlingoti wa maua. Kila asubuhi kabla ya kuchota maji nilikwenda kuutazama umerefuka kiasi gani, na jioni nilihesabu popo waliokuja kunywa. Nilifurahi mpaka mwalimu aliposema darasani kwamba mkonge huchanua mara moja tu, kisha hufa. Nikawaza kitoto: basi maua ndiyo yanayoua. Nikachukua panga la bibi, nikaukata ule mlingoti, nikarudi nyumbani nikijiona daktari.

Kumbe maua yakishapukutika, juu ya mlingoti huota vitoto vya mkonge, na bibi alikuwa akivingojea avipande palepale. Jirani akapiga kelele, balozi wa nyumba kumi akaja, watu wakajaa. Kwetu anayegusa alama ya mpaka hapewi nafasi ya kuubishania. Tena jina la mkata mipaka halifutiki, utazeeka nalo. Balozi akauliza ni nani. Nikafungua mdomo, bibi akaniwahi.

"Nimeukata mimi. Nilitaka boriti ya banda la kuku."

Mpaka ukasogezwa hatua nne upande wetu, na mihogo ikawa ya jirani. Bibi hakuniuliza kwa nini niliukata. Alinipa ndoo tukaenda mtoni. Mkonge wenyewe ukakauka vilevile.

Leo najua kwamba mlingoti ukianza tu kuchomoza, moyo uliokuwa ukitoa majani umeshageuka kuwa ua, na hakuna panga la kuuokoa. Ndugu yake wa theluji naye ni hivyohivyo. Shamba lile limeuzwa, na mipaka siku hizi ni vigingi vya zege. Bibi alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilimsimulia mengi, lakini hili lilinishinda: kwamba nilikuwa nataka kumwokolea shamba lake. Inaniuma mpaka leo. Huenda alikufa akidhani nilikuwa nacheza tu, na hata hivyo alijitwisha kosa langu mbele ya watu wote.