Bastola Aliyoipofua Baba

Kinyaa kilinianza kwenye vidole vyake. Siku ya Idi, nyumbani kwa mdogo wangu Ilford, London, mgeni wake alikuwa ameshika sambusa, mafuta yanamchuruzika mpaka kifundoni, na kwa mkono huohuo akaibeba bastola ya marehemu baba. Hakunawa wala hakujifuta. Akafumba jicho moja, akaielekeza kwenye pazia la mama, akasema, "Tamu hii!" Tamu! Chuma cha kutishia watu, ati tamu. Sambusa yangu niliirudisha sahanini.

Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Huyu alikuja tuugue.

Bastola yenyewe baba aliinunua hapahapa London, kwa wauza vitu vya kale. Ni ya zamani mno, risasi zake hazitengenezwi tena, na sheria ya hapa inaiacha ikae nyumbani kama pambo. Lakini baba hakutaka pambo. Mama alipokuwa bi harusi kule Unguja, asubuhi moja waliingiliwa na watu wenye silaha. Mmoja alimwekea mama bastola kama hii usoni, naye akainua mikono juu, na hivyohivyo mikono ikiwa juu wakamvua bangili zake zote. Baba alikuwa kabanwa ukutani, anatazama.

Basi alipoipata hii, aliibana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mafundi, kibandani kwake, akachukua tupa, akakisugua kile kinundu cha mbele, kile cha kulengea, mpaka mtutu ukawa laini. Akaja nayo kwa mama. "Iangalie," akamwambia. "Haimwoni mtu tena." Wakaiweka kabatini pamoja na vikombe vya kahawa. Mwanzo mama alipita mbali nalo lile kabati. Baadaye akawa anaifuta vumbi kila Ijumaa, anaigeuza huku na huku kama birika. Kwangu mie, hapo ndipo alipopona.

Baba akafa. Mdogo wangu akajiunga na watu wanaokusanya silaha za kale, nao wakamwambia mzee wake kaiharibu. Kaiharibu! Akatafuta kinundu cha aina ileile ili kirudishwe.

"Kama haina risasi," nilimwuliza, "unataka kumlenga nani?"

"Dada, hujui mambo haya. Kitu cha kale kinatakiwa kiwe kamili."

"Kamili kwa ajili ya nani? Mama umemwuliza?"

"Nimemwuliza. Kasema, 'Fanyeni mnavyoona wenyewe.'"

Lo! Mtoto wa Kiunguja, kalelewa na mama yule yule aliyenilea mie, hajui kuwa mama zetu wakisema mnavyoona wenyewe, wameshakataa? Hata posa hukataliwa kwa maneno hayo. Lakini anajua, mjinga yule. Alisikia alichokitaka. Nikamwambia hivyo, akacheka, akasema mambo ya kizamani hayo. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya wanawe.

Ndipo yule mgeni, mmoja wa wenziwe hao, akaja na vifaa vyake Idi ile. Akavitandaza juu ya meza, pembeni mwa sinia la biriani. Akakipachika kinundu, akakaza, akakuna, unga wa chuma ukimwagikia kitambaa mama alichokidarizi kwa mkono wake. Halafu akaupuliza! Kwa mdomo wake uliojaa nyama, akaupulizia kwenye chakula cha watu. Astaghfirullah. Nikasukuma kiti nyuma. Mdogo wangu hata hakuona. Macho yamemtoka kwa furaha.

"Nipe, nipe nijaribu," akasema.

Akasimama, akanyoosha mkono, akafumba jicho, akalenga mlango wa jikoni. Nikamwita kwa ukali, "Weka chini hiyo!" Mlango ukafunguka. Mama anatoka na trei ya kahawa.

Trei ikaanguka. Mama akainua mikono yote miwili juu, polepole, viganja mbele, mikono ya buibui ikimteremka mpaka viwikoni. Akamtazama mwanawe akasema kwa adabu, kama anavyosemeshwa mtu mgeni:

"Sina tena. Bangili zote mmeshachukua."

Mdogo wangu akaitupa bastola kwenye kochi. "Mama, ni mimi! Mama!"

Mama hakushusha mikono. Ikabidi niende mie, nikanyage kahawa, nimshushe mikono, mmoja mmoja.