Mwanamke wa Nyuma ya Pikapu

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa mjini Maua ilikuwa kuchora wanawake nyuma ya pikapu za miraa. Si wanawake hivi hivi. Madereva walitaka malkia mwenye mabawa, au shujaa wa kike aliyempanda chui, upanga mkononi, nguo kidogo. "Fundi, mpatie nguvu," waliniambia, "lakini akae mrembo." Walitaka nguvu zisizoweza kumkataa mtu. Nilijua kuzichora, kwa sababu hata mimi ndizo nilizozitaka.

Uso ulikuwa ule ule kila mara. Ulikuwa wa mjane aliyeuza majani ya migomba ya kufungia miraa, ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana yangu. Nilimpenda mno, na mdomo ukanikataa. Basi nikamwambia kwa rangi, mwoga mkubwa mimi.

Mji mzima ulimtambua kabla yake. Siku alipogundua alivuka barabara, akasimama nyuma ya pikapu, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Fundi, si huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na hii upanga ni ya nini? Mimi panga yangu ni ya kukata majani ya ndizi."

Akautazama mchoro tena, na kicheko kikamwisha.

"Kama unataka kunichora, nichore juu ya mti ya miraa. Nikichuma."

Mumewe alimwachia miti, lakini kwetu mwanamke hakwei mti wa miraa. Husemwa kwamba utakauka. Kwa hiyo alimngoja shemeji yake alete wachumaji, na shemeji alikuja alipojisikia. Nilikuwa nimemkalisha mwanamke huyo juu ya chui, na yeye aliomba tawi moja la mti wake mwenyewe.

"Hapo umenishinda," nikamwambia. "Madereva watasema nimewaletea mkosi. Lakini nitakuongezea mabawa."

Nilidhani nampa zaidi. Haki ya Mungu, nilidhani hivyo.

"Mabawa," akasema. Akarudi kwenye majani yake, na hakuvuka tena barabara ile.

Kabla mwaka haujaisha alihamia upande wa Embu. Nilisikia amekodi shamba la muguka, miraa ya kichaka kifupi ambayo mtu huichuma akiwa amesimama, na huko wanawake huchuma bila kumuuliza mtu. Nilifurahi kwa ajili yake. Pia niliumia, na bado naumia kila ninapoona majani ya migomba yakishushwa ng'ambo.

Mwaka jana nilichukua ubao nikachora alichoniomba. Mti ulikubali upesi, pamoja na vichipukizi vyake vyekundu. Nilichora miguu peku kwenye tawi, sketi imefungwa magotini, mkono ukinyoosha kuchuma. Nilipofika usoni, brashi ilijiendea yenyewe kwenye macho ya malkia wa pikapu. Nikafuta. Nikaanza upya, akaja yule yule, ananitazama kama anayenitaka. Mwenyewe hakuwahi kunitazama hivyo, na alivyonitazama hasa sikumbuki.

Ubao uko karakanani mpaka leo. Kuanzia miguuni hadi shingoni ni yeye. Juu ya hapo nimepaka nyeupe, nikaacha.