Mchanga Motoni

Kwa miaka hamsini, mtaani kwake Bungoma, Wekoye hakuitwa Wekoye. Aliitwa Dereva. Ujanani alifanya kazi stesheni ya Kitale, enzi za injini za mvuke, na aliporudi nyumbani na koti la reli lenye vifungo vya shaba, mtu mmoja alimwita hivyo, naye akaitika. Basi. Hakuna siku aliyokaa akatunga uongo.

Alikuwa mtu wa taa. Jioni alipanda ngazi za nguzo za ishara, akajaza mafuta, akafuta vioo. Injini alizitazama kutoka juu zikipita, moshi ukimwingia machoni.

Mwaka huu mjukuu wake Wilkista alipoposwa, wakwe walikuja kutoka Saboti. Kati yao alikuwemo Mzee Nderitu, babu ya bwana harusi. Aliposikia "Dereva", uso ulimchangamka.

"Mimi nilichochea moto wa injini njia ya Nanyuki," alisema. "Hebu niambie, mzee mwenzangu. Mkipanda kwenda Kitale, mchanga mlikuwa mnatupa motoni mara ngapi?"

Wekoye alidhani anategwa. Akacheka. "Mchanga kwa moto? Si moto ungezima, bana!"

Boma zima lilicheka naye. Dancan, bwana harusi mwenyewe, akajipiga paja, akamgeukia babu yake. "Guka, ati ulikuwa unaendesha treni ama ulikuwa unaizika?"

Nderitu alitazama mikono yake. Kisha akamtazama Wekoye, na Wekoye akaona kwamba amejulikana.

"Labda nimesahau," Nderitu akasema polepole. "Ni uzee."

Wageni walipoondoka, Wekoye alikumbuka ndoo ya mchanga iliyokaa daima miguuni pa wachochezi wa moto. Injini zile zilikula mafuta mazito, masizi yakaziba mabomba. Konzi ya mchanga, ikivutwa na moshi, iliyakwangua. Miaka sita aliiona ndoo ile na hakuuliza.

"Nguo zako nilizifua mimi," mkewe Phelista alisema, akikusanya vikombe. "Zilinuka mafuta ya taa tu."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ulilipenda hilo jina. Lakini leo aibu yako umemvika mkwe."

Mwezi uliofuata walikwenda Saboti pamoja na Wilkista kurudisha ziara. Dancan aliwapokea langoni akicheka. "Mchanga!" alimwita babu yake. "Toka nje, Dereva amefika!"

Kumbe ndilo jina la mzee sasa. Watoto wa boma walilirudia.

Wekoye alisimama kabla ya chai kumiminwa. Akavua kofia.

"Mchanga ulitupwa," alisema. "Alisema kweli. Mimi sikuendesha kitu. Nilikuwa nawasha taa."

Wilkista aliinamisha macho, na hilo lilimchoma kuliko kicheko. Dancan alijikuna shingo.

Nderitu akasogeza kiti kando yake. "Kaa, Wekoye."

Alibaki amesimama. Ilimchukua muda kujua kwamba ni yeye anayeitwa.