Meno ya Fundi Mkasi

Walimwita Mkasi kwa sababu hakuwahi kuona kazi ya mkasi. Miaka thelathini alishonea kwenye baraza ileile, na kila uzi aliukata kwa meno ya mbele, mguu ukiwa bado juu ya pedali. Fundi viatu, jirani yake, alizoea kumtania: "Iko siku utameza suruali ya watu."

Kisha uvimbe ukamwota shingoni, chini kidogo ya taya. Hospitalini walimpiga mionzi siku thelathini na tatu, kavalishwa kinyago cha plastiki kilichobanwa kwenye meza ili asitikisike. Mkewe alishafariki, na binti yake wa pekee ameolewa mbali. Alikwenda peke yake, akarudi peke yake. Uvimbe ukaisha. Akamshukuru Mungu, akarudi kwenye cherehani.

Lakini mionzi ilikuwa imeunguza pia tezi za mate. Mkate ulimgandia kinywani kama pamba, ikabidi auloweke kwenye chai. Mchana mafundi wenzake wakila pamoja, yeye alisingizia kazi ya haraka, maana tonge moja lilimchukua muda ambao wenzake walimaliza sahani. Baada ya majuma machache hawakumwita tena.

Mwezi wa tisa baada ya mionzi, akikata uzi wa kola, jino la mbele likakatika. Halikuuma. Alilitemea kiganjani, akaliona limekuwa la kahawia pale lilipokutana na fizi, ganda lake limebanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu.

"Ng'oa yote, daktari, tumalizane," alimwambia daktari wa meno, mama mmoja mwenye miwani mizito.

"Siwezi, mzee wangu. Mate ndiyo yalikuwa yanayalinda meno yako, na sasa hayapo. Halafu mfupa wa taya uliopigwa mionzi haupati damu ya kutosha. Nikiyang'oa, kidonda huenda kisipone, mfupa ukaoza. Hili lililokatika nitalisawazisha na fizi, mzizi niuache. Yaliyobaki utayapaka dawa kila siku, na chupa ya maji isikutoke mkononi. Nyumbani unaishi na nani?"

"Na cherehani."

Daktari hakucheka.

Kila Jumapili binti yake alikuwa akimpigia simu. Ulimi ulinata kwenye kaakaa, na sasa pengo nalo lilipitisha upepo, maneno yakatoka yamepinda. Kwa aibu akawa anajibu kwa mkato: ndiyo, hapana, haya. Simu zikaanza kupungua, mpaka ikawa moja kwa mwezi.

Siku moja binti akamwambia, "Baba, kama nimekukosea, niambie tu. Siku hizi hata kuongea na mimi hutaki."

Mkasi akanywa funda la maji. "Si wewe, mwanangu. Ni mdomo. Mate yamekauka, meno yanakatika. Naona haya unisikie hivi."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini, huko uliko?"

"Ningeongea mimi, wewe ukasikiliza."

Sasa ndivyo wanavyofanya. Jumapili binti humsimulia habari za wanawe, za paa linalovuja, za mama mkwe asiyepitwa na neno, naye huitikia kwa kuguna. Meno saba yameshakwenda. Simu ikikatika, Mkasi hukaa nayo sikioni kidogo kabla ya kuiweka chini.