Mafuta Meusi ya Pikipiki Yangu

Fundi aliyesababisha mama avunjike mkono hakuwapo tulipoanguka. Alikuwa Rumonge, kwenye kibanda chake mbele ya maegesho ya pikipiki za abiria, ninapofanyia kazi. Mimi na mama tulikuwa tunatoka Minago na kikapu cha mihogo. Ghafla moteri, yaani injini, ikakwama, gurudumu la nyuma likagoma kuzunguka, tukateleza mpaka kwenye changarawe. Mimi nilichubuka goti tu. Mama aliinuka ameshika kiwiko chake cha kulia.

Siku tatu kabla, nilikuwa nimempelekea fundi huyo chupa mpya ya mafuta ya moteri, bado imefungwa, abadilishe. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi akaniambia, "Tayari, ndugu."

Pikipiki ilisukumwa hadi Gatete, kwa mzee mmoja Mkongomani anayetengeneza pikipiki nyumbani kwake. Alifungua bolti ya chini, yakatoka mafuta machache, meusi, mepesi kama maji. Akayasugua kati ya vidole.

"Hii mafuta si mupya," alisema. "Iko ya pikipiki ya mutu mwingine. Na hata haikufika kipimo."

Nilitamani kurudi Rumonge na spana mkononi. Badala yake nilimwomba mzee anifundishe. Mwezi mzima, wakati moteri inafunguliwa na kufungwa upya, nilijifunza kupima mafuta pikipiki ikiwa imesimama wima, kusafisha cheni na kuipaka mafuta, kuiacha ilegee kwa upana wa vidole viwili, kukung'uta vumbi kwenye filta ya hewa, kukagua breki kila asubuhi. Kila nilipokaza bolti nilimfikiria yule fundi.

Kisha nikaweka benchi langu ng'ambo ya barabara, nikitazamana na kibanda chake.

Sikumtukana. Kila asubuhi, kabla ya abiria kuwa wengi, niliwaita madereva wenzangu, nikawafundisha bure. Nikawaonyesha mafuta yaliyotoka kwenye moteri yangu, nikawaeleza yametoka wapi. "Usiache chupa yako kwa mtu," niliwaambia. "Simama hapo mpaka kifuniko kifungwe." Yeye alisikia kila neno. Nilihakikisha anasikia.

Wateja wake wakapungua. Siku moja akavuka barabara.

"Ndugu, unaniharibia kazi."

"Ndiyo."

"Nilikosea. Unisamehe."

"Uliovunjika si mkono wangu. Nenda kwa mama."

Sikudhani angeenda. Alienda. Mama, ambaye mpaka leo hawezi kusonga ugali wa muhogo kwa mkono ule, alimpa kiti, akampakulia ndagala, samaki wadogo wa ziwani, akamsamehe. Aliponisimulia jioni ile, nilikasirika kuliko siku tuliyoanguka.

"Umemsamehe kwa nini?"

"Mkono ni wangu," alisema. "Wewe fanya lako."

Nilifanya langu. Kesho yake nilirudi kwenye benchi, nikaeleza habari ile ile, kwa sauti ile ile. Kabla ya msimu wa mvua kuanza, kibanda chake kilifungwa. Nasikia sasa anaziba pancha za baiskeli kwenye njia ya Nyanza-Lac. Nimewahi kupita huko bila shughuli yoyote, nikapunguza mwendo ili anione. Aliinamisha kichwa. Mimi nilifurahi, na sijajuta.